Miezi minne imepita, mume wangu bado yuko Kibarani

"Assalaam aleikum daktari. Mume wangu ni dereva wa tuktuk, tunaishi Kongowea. Miezi minne iliyopita alikuwa akitoka Changamwe na abiria, na pale Kibarani trela likapinduka mbele yake likamlalia kijana wa bodaboda. Mume wangu ndiye aliyefika wa kwanza. Aliketi kwenye lami, dizeli inamwagika, akamshika mkono yule kijana mpaka akakata roho. Siku zile alikuwa imara. Alikwenda kuzika, akachanga, mpaka arobaini alihudhuria, na hata chozi sikumwona nalo. Baada ya hapo ndipo mambo yakaanza. Usiku anaamka akipiga kelele. Akisikia breki za upepo za lori anaruka kama aliyechomwa. Abiria wa Changamwe hawachukui tena, anawaambia tuktuk ina hitilafu. Nikimuuliza ilikuwaje siku ile, anachanganya, hajui kama polisi walikuja kabla au baada ya winchi, lakini kiatu cha yule kijana anakieleza mpaka rangi ya kamba. Anasema lau angempakia akamkimbiza hospitali ya Makadara, angepona. Sasa anatafuna muguka, yale majani ya kusisimua kama miraa, mchana kutwa, na usiku anameza vidonge vya usingizi anavyonunua tu bila cheti. Mavyaa anasema ni jini la barabarani, asomewe. Jirani anasema akalishwe chini aseme yote, ayatapike yaishe. Mimi namwambia asahau, ni kudura. Nani kati yetu yuko sawa? Na je, akili yake itarudi, au ndiyo ameharibika?"

Waaleikum salaam, dada yangu.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa nahisi ndilo linalokukosesha usingizi wewe mwenyewe. Hapana, mumeo hajaharibika, wala akili yake haikwenda popote. Ipo kazi ambayo akili yake iliianza siku ile ikakatizwa njiani, na tangu hapo inajaribu kuimaliza peke yake, usiku wa manane, bila msaada. Hali hiyo ina jina, huitwa ugonjwa wa kiwewe, na inatibika. Dalili ulizoandika nimezisikia kwa madereva, kwa mabaharia, kwa wauguzi, na kwa akina mama waliojifungua kwa taabu. Lakini elewa kwamba mimi ni mwanasaikolojia, si daktari wa dawa, na mumeo sijamwona. Nasema kwa mujibu wa barua yako. Atakayekaa naye ana kwa ana ndiye atakayepima.

Kuna sentensi moja katika barua yako niliyoirudia mara tatu: hajui polisi walifika lini, lakini kamba za kiatu anazijua rangi. Wengi wakisikia hivyo husema mtu anazua, au amepagawa. Kumbe hapo ndipo penye ufunguo wa habari nzima.

Siku ya kawaida, ubongo una karani wake. Ni sehemu iitwayo hipokampasi, na kazi yake ni kupokea ulichokiona, ulichokisikia na ulichokinusa, kuvifunga pamoja, kisha kuvigonga muhuri wa mahali na wakati. Ndiyo maana ukikumbuka harusi ya dada yako unaikumbuka kama jambo lililopita. Unaweza kucheka, unaweza kulia, lakini hudhani kwamba uko ukumbini sasa hivi. Jirani na karani huyo yupo mlinzi, sehemu ndogo yenye umbo la lozi, amigdala. Huyu hajui kusoma tarehe. Anajua swali moja tu: hatari au salama? Akiona hatari hupiga king'ora, adrenalini humwagika mwilini, moyo hukimbia, macho hujikaza kwenye vitu viwili vitatu na kuacha vingine vyote. Wakati huo karani hafanyi kazi sawasawa. Kile ambacho jicho lilikishika, yaani kiatu, huchomwa kwenye kumbukumbu kwa nguvu kupita kiasi. Kile ambacho jicho halikujali, yaani winchi na polisi na nani alikuja kwanza, hakikuandikwa vizuri tangu mwanzo. Kwa hiyo usimbane akupe mpangilio wa siku ile ukidhani anaficha. Huenda sehemu nyingine hana kabisa.

Wewe ni mtu wa Mombasa, hebu nikupe mfano wa bandarini. Kontena likishushwa gatini bila makaratasi, haliwezi kutoka getini wala haliwezi kurudi melini. Mzigo umo, tena umo wote, lakini hakuna anayejua ni wa nani, umetoka wapi, umefika lini. Linakaa pale yadi, linaziba njia ya mengine, na gharama za kulihifadhi zinapanda kila siku. Kumbukumbu ya Kibarani imeshushwa hivyo kwa mumeo. Kiatu kimo, harufu ya dizeli imo, vidole vilivyokuwa vikipoa mkononi mwake vimo. Kinachokosekana ni karatasi inayosema: hili lilitokea siku fulani, mahali fulani, na limekwisha.

Na kwa kuwa halina tarehe, kila kinachofanana nalo hulifungua. Lori likifunga breki pale taa za Buxton, ule mlio wa upepo unaingia sikioni, na mwili wake unakuwa umeshafika Kibarani kabla akili haijauliza ni lori gani. Mwili una kumbukumbu yake. Daktari mmoja wa Geneva, Édouard Claparède, alisimulia mwaka 1911 kisa cha mgonjwa wake, mwanamke ambaye hakuweza tena kushika jambo jipya kichwani, hata daktari mwenyewe alimwona mgeni kila wakikutana. Siku moja Claparède alificha pini kati ya vidole akampa mkono, ikamchoma. Baadaye yule mama hakukumbuka kuchomwa, lakini daktari alipomnyooshea mkono tena, aliurudisha wa kwake. Alipoulizwa sababu hakuwa nayo ya maana. Mkono ulijua, mwenye mkono hakujua. Sasa mumeo akiruka ukamwambia "ni lori tu, unaogopa nini?", unauliza swali ambalo mwili wake hauwezi kulijibu.

Umeniambia pia kwamba siku zile alikuwa imara. Sitaki kumvunjia heshima, maana alichokifanya, kuketi na mtu asiyemjua ili asife peke yake, watu wachache wanakiweza. Lakini kutolia kwake hakukuwa kipimo cha kutoumia. Katika saa na siku za mwanzo wengi hufa ganzi. Wanatembea, wanapanga, wanatoa mchango, kama wanajitazama kwa mbali. Halafu fikiria wiki zile zilikuwaje. Kulikuwa na maziko, kulikuwa na watu wa kumwambia "umefanya jambo kubwa", kulikuwa na arobaini ya kungojea. Shughuli humshikilia mtu. Arobaini ikaisha, mikeka ikakunjwa, kila mtu akarudi kwake, na yeye akabaki na kontena lake. Hukukosea kuona kwamba mambo yalianza baada ya hapo.

Jambo jingine ambalo watu hawaliamini ni kwamba wengi wanaopatwa na tukio la kutisha hawafiki hapa alipo mumeo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu kama 70 katika kila 100 duniani hukutana na tukio la namna hiyo katika maisha yao, na kati ya waliokutana nalo ni kama 5.6 tu katika kila 100 wanaopata ugonjwa wenyewe. Wengine huota vibaya wiki kadhaa, hushtukashtuka, kisha karani wao hurudi kazini akamaliza muhuri polepole. Ndiyo maana ndani ya mwezi wa kwanza sisi hatukimbilii kumpa mtu jina la ugonjwa. Mumeo amepita mwezi, amepita miwili, na hali inazidi. Yeye si dhaifu kuliko wenzake waliokuwapo pale. Alikuwa karibu zaidi, alimshika mkono, alikaa hadi mwisho, na kisha akaanza kuikwepa kumbukumbu hiyo. Hilo la mwisho ndilo tunaloweza kulibadilisha.

Sasa nani yuko sawa kati yenu watatu? Niwe mkweli: hakuna aliye sawa kabisa, na hakuna aliyekosea kabisa.

Wewe unasema asahau. Nilipoanza kazi hii mimi pia nilikuwa nawaambia watu hivyo, kwa huruma tu, na walikuwa wananitikia kwa adabu wakienda zao. Kusahau hakufuati amri. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, na wenzake waliwaambia watu wakae dakika tano wasimfikirie dubu mweupe, na wapige kengele kila akiwajia. Kengele zililia. Na waliporuhusiwa kumfikiria, dubu aliwajaa zaidi kuliko wale ambao hawakuwahi kukatazwa. Ili akili ihakikishe haufikirii kitu, lazima iendelee kukichungulia. Mumeo anachungulia kiatu kile mchana kutwa ili asikione.

Kukwepa kwa miguu hakuna tofauti. Kila anapomkataa abiria wa Changamwe, moyo wake unapoa, anashusha pumzi. Ile nafuu ndiyo tamu yenye sumu. Mlinzi aliye kichwani anajifunza: "Unaona? Hatukwenda Kibarani, tumesalimika." Hapati hata nafasi moja ya kugundua kwamba angepita na asingekufa. Leo ni Changamwe, kesho ni kila barabara yenye malori, na Mombasa ni barabara gani isiyokuwa na malori? Neno lako la kudura, hilo usiliache. Litamfaa sana, ila kwa wakati wake. Ukimwambia ni kudura baada ya kumsikiliza, unamfariji. Ukimwambia kabla hajafungua kinywa, anasikia "nyamaza".

Jirani yako amekaribia zaidi, lakini njia yake ina hatari. Kuanzia miaka ya 1980 huko ng'ambo ilienea desturi ya kuwakusanya watu mara tu baada ya ajali na kuwataka waseme kila kitu kwa kikao kimoja, wayatoe moyoni. Ilionekana ni hekima. Walipofuatiliwa miezi kadhaa baadaye, kikao kile kimoja hakikuwakinga na ugonjwa, na katika baadhi ya tafiti waliolazimishwa kusema walikuwa na hali mbaya zaidi kuliko walioachwa. Kumbukumbu si sumu ya tumboni. Ukiifungua yote kwa kishindo bila kumpa mtu namna ya kuifunga, umewasha king'ora ukaondoka. Mtu huponywa kwa kusema, naam, lakini kwa utaratibu, zaidi ya mara moja, na mbele ya mtu anayejua lini aseme "hapo tusimame kidogo". Baraza la majirani saba, kila mmoja na ushauri wake, si mahali pake.

Na mavyaa. Tafadhali usigombane naye kwa ajili ya barua yangu. Yule ni mama anayemwona mwanawe anaruka usiku, ana macho yaliyotoka, anazungumza na mtu asiyekuwapo, na kwa lugha aliyorithi hilo lina jina. Mumeo akitulia anaposomewa Qur'ani, asomewe. Akinyweshwa kombe, yale maji yaliyooshewa maandishi ya aya, kwa mkono wa mtu anayemheshimu, sioni madhara. Sauti iliyozoeleka, pumzi ndefu, mkono wa mzee kichwani, hayo hutuliza mwili kweli. Ninachokataa ni vitu vichache na nitavikataa kwa sauti kubwa: kupigwa, kufungwa kamba, kufukizwa moshi mpaka anakohoa, kuambiwa aache dawa za hospitali, au kuambiwa kwamba anaumwa kwa sababu imani yake ni haba. Huyu mtu aliketi kwenye dizeli inayomwagika, kando ya trela, kwa ajili ya mja wa Mungu asiyemjua. Asiambiwe habari ya imani haba.

Nataka nikae kidogo kwenye neno lake la "lau", kwa sababu mara nyingi hofu hupungua na neno hilo likabaki. Anasema angempakia akamkimbiza Makadara. Hebu tulitazame kama mafundi. Kijana amelaliwa na trela. Wewe mwenyewe umeandika kwamba winchi ilikuja. Mtu aliyebanwa na chuma kinachohitaji winchi, dereva mmoja wa tuktuk atamtoa kwa mikono gani? Mumeo analijua hilo. Shida ni kwamba anaihukumu siku ile kwa ujuzi wa leo, kana kwamba alikuwa na saa nzima ya kufikiri na mikono ya watu ishirini. Lakini wewe usimbishie. Ukimwambia "si kosa lako" atakujibu "wewe hukuwepo", na mazungumzo yamekwisha. Muulize badala yake, polepole, siku akiwa ametulia: trela lilikuwa limemlalia wapi? Nani mwingine alikuwapo? Ungeanza kwa kuinua nini? Mwache afike mwenyewe. Na akifika, huenda akalia. Chozi likija usilifute haraka.

Kwa nini "lau" inang'ang'ania hivyo? Maoni yangu ni kwamba hatia, kwa uchungu wake wote, ni rahisi kubeba kuliko kutoweza. Ukisema "nilikosea", basi dunia ina mpango, na mara nyingine utafanya sawa. Ukisema "hapakuwa na la kufanya", unabaki uchi mbele ya barabara. Wengi huchagua hatia bila kujua kwamba wamechagua.

Tiba sasa. Zipo njia kadhaa za mazungumzo zilizopimwa vizuri, na zote zinafanya jambo moja kwa mikono tofauti: zinamrudisha karani kazini amalizie makaratasi. Ninayoipenda kwa watu wetu ni tiba ya kusimulia, iliyoundwa na wataalamu wa Ujerumani. Siku ya kwanza kamba hutandazwa sakafuni. Hiyo kamba ni maisha yako, kuanzia kuzaliwa. Unaweka ua mahali pa jambo jema, jiwe mahali pa jambo baya. Mumeo ataweka ua pale alipokuoa, ua jingine mtoto wa kwanza, labda ua la siku aliyonunua tuktuk. Kisha atalishika jiwe la Kibarani na itambidi aamue liwekwe wapi. Nimemwona mtu mzima akilizungusha jiwe mkononi muda mrefu, hataki kuliweka, kisha akaliweka na kushangaa kwamba baada yake kamba inaendelea. Vikao vinavyofuata ni kulisimulia kila jiwe mwanzo hadi mwisho, pamoja na kilichotangulia na kilichofuata, na msimulizi akirudishwa kila mara: hiyo ilikuwa siku ile, sasa uko kwenye kiti hiki. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, Wasomali na Wanyarwanda walitibiwa hivyo na wakimbizi wenzao waliopewa mafunzo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha wengi wamepata nafuu kubwa. Kwa hiyo usidhani ni tiba ya matajiri wa Nyali.

Njia nyingine ni ile ya kukabili hatua kwa hatua, ambayo huchukua vikao kama 8 hadi 15. Kwa mumeo ingeanza mbali sana na trela. Labda kusikiliza breki za upepo kutoka kwenye simu, sebuleni, wewe uko kando. Kisha kusimama kando ya barabara Makupa. Kisha kupita Kibarani saa nne asubuhi, ndani ya matatu, yeye akiwa abiria tu. Kisha kwa tuktuk yake, tupu, bila abiria. Abiria wa Changamwe ni wa mwisho. Siri ni kukaa kwenye kila hatua mpaka moyo ushuke wenyewe. Akikimbia moyo ukiwa juu, amemfundisha mlinzi kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa. Nakuomba usijaribu ngazi hii peke yako kwa sababu umeisoma hapa, hasa huku anameza vidonge na kuendesha. Na ukweli mwingine: wiki za mwanzo za tiba ndoto zinaweza kuongezeka kabla hazijapungua. Wapo wanaoacha hapo wakidhani wamezidishiwa ugonjwa. Wapo pia ambao hata wakimaliza hubaki na mabaki, mshtuko mdogo, usiku mmoja mmoja mbaya. Hatabaki kama hajawahi kupita pale.

Dawa zipo vilevile. Sertralini na paroksetini hutumika, zinachukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi, na huandikwa na daktari. Husaidia zaidi pale ambapo huzuni imekuwa nzito mno, au pale ambapo mshauri wa kufaa hapatikani. Si mbadala mwepesi wa kazi niliyoieleza hapo juu, lakini pia si aibu.

Vile vidonge anavyonunua ni habari nyingine kabisa, na hapa nitakuwa mkali. Vingi vinavyouzwa hivyo ni jamii ya diazepamu. Vinamzima, ni kweli, lakini usingizi wa kuzimwa hauipi akili nafasi nzuri ya kupanga mambo yake, mwili unavizoea haraka, na asubuhi mikono yake iko kwenye usukani akiwa nusu macho. Shirika la Afya Duniani linashauri dawa za jamii hiyo zisitumike kutuliza dalili za kiwewe katika mwezi wa kwanza, na baada ya hapo hali haiwi nzuri zaidi. Akichanganya na pombe anaweza kuacha kupumua. Halafu muguka. Muguka unauambia mwili kaa macho, kuna hatari. Ni king'ora cha kununua. Mchana anauwasha, usiku anauzima, na katikati yupo yeye. Lakini sikiliza sana: kama amekuwa akimeza vidonge kila usiku kwa wiki nyingi, usimnyang'anye ghafla ukavitupa. Kuvikata kwa mara moja kunaweza kumletea degedege. Vipunguzwe taratibu, na daktari. Muguka waweza kuanza kupungua leo, kwa kuanzia ule wa alasiri.

Usiku wa leo akishtuka, usimtikise na usimkumbatie ghafla; anaweza kukupiga bila kujua ni wewe. Washa taa. Kaa mbali kidogo umwite jina lake. Mwambie: "Ni mimi. Uko nyumbani, Kongowea. Leo ni Jumanne usiku. Umeota." Mwambie aweke nyayo sakafuni, ahisi baridi ya saruji. Mpe maji. Mwambie ataje vitu anavyoviona chumbani, pazia, kabati, leso yako kwenye msumari. Inaonekana kama mchezo, lakini ni ile ile kazi ya muhuri: mahali na wakati. Usimuulize ameota nini mpaka asubuhi, na asubuhi asipotaka kusema, mpe chai yake na mahamri muendelee.

Yapo mambo ambayo hayangojei kliniki ya wiki ijayo. Akisema anatamani angekufa yeye, au kwamba nyinyi mngekuwa afadhali bila yeye; akianza kugawa vitu vyake; akikupiga au kupiga watoto; akikaa siku bila kula wala kulala; akisikia sauti zinazomwamuru. Hapo mpeleke siku hiyo hiyo, usimwache peke yake, na vidonge viweke mbali. Msalaba Mwekundu wa Kenya wana simu ya bure, 1199, wanazungumza na anayeumwa na pia na anayemuuguza. Na usiogope kwamba ukisema hospitali anataka kujiua utamletea polisi. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kile kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilichofanya kujaribu kujiua kuwa jinai kinakwenda kinyume cha katiba.

Kama hayo hayapo, bado nataka aonwe ndani ya wiki mbili hizi. Hospitali Kuu ya Pwani, hiyo hiyo Makadara, mtaelekezwa. Port Reitz nako kuna kitengo cha afya ya akili, ingawa najua njia ya kwenda huko inapita Kibarani, kwa hiyo anzeni Makadara. Mkipata mshauri wa binafsi, mwulizeni kama amesajiliwa, kwa sababu tangu 2014 ipo sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia, na mwulizeni waziwazi anatibu kiwewe kwa njia gani. Akisema "tutaongea tu", tafuteni mwingine. Bei nayo ulizeni kabla hamjaketi.

Kumshawishi aende itakuwa kazi. Usikubali neno "wazimu" lipite hata kwa utani hapo nyumbani. Mwambie umeniandikia, na umsomee sehemu ya kontena, wanaume wa Mombasa hulielewa upesi. Asipotaka kuitwa mgonjwa, mwambie mnakwenda kwa ajili ya usingizi. Hilo si uongo, na hakuna dereva anayeona haya kusema kwamba hapati usingizi. Nendeni asubuhi mapema kabla foleni haijawa ndefu, mchukue na maji. Vile vidonge vibebeni vyote na paketi zake kama zipo, ili daktari avione kwa macho.